Watu wa Saa Mbovu

Bwenini, 6 Februari

Kaka yangu,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba, kwa sababu mkutubi amefunga na kwenda kula. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, kimebaki kile cha kujifanya siku za mbio. Mama alikuja kunitembelea Jumapili. Cherehani yake imetengenezwa, na amepata kazi ya kushona sare za chekechea nzima, kwa hiyo anaota vifungo. Aliniletea sweta la kijani ambalo mikono yake ni mirefu kuliko yangu. Akasema, "Utakua." Ni mwaka wa tatu sasa ananiambia hivyo.

Aliniambia pia kwamba umepata kazi mjini, kwa rafiki uliyemjua mtandaoni. Nilipomuuliza kazi gani akasema, "Ya kompyuta," halafu akakata uzi kwa meno, na wewe unajua mama akikata uzi kwa meno mazungumzo yameisha. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kompyuta inafanywa nini huko? Na huyo rafiki, umeshamwona uso?

Huku simu ni marufuku, kwa hiyo itakubidi uandike kwa mkono kama binadamu. Bweni letu lina mlezi mpya. Tunamwita Mama Taa, kwa sababu anazima taa huku wewe bado uko katikati ya sentensi. Ndiye anayepeleka barua zetu posta. Ana sauti kubwa, lakini juzi aliniona nasoma karatasi ya kufungia sabuni, hakuniuliza kitu, akaniletea gazeti la zamani.

Andika hata kama ni mistari miwili.

Mimi ninayesoma kila kitu,
Kamusi


Mjini, 20 Februari

Kamusi,

Usicheke mwandiko. Tangu nimalize shule sijaandika kwa kalamu ila sahihi yangu. Afya ninayo, hamu ya kula ninayo kupita kiasi, nimekosa tu kelele za cherehani. Mpe Bi Mkubwa salamu, mwambie mwanawe anakaa ghorofani.

Ghorofa yenyewe iko juu ya duka la vioo. Mchana kutwa fundi wa chini anakata vioo, na ule mlio unakuingia kwenye meno. Madirisha yetu yamepakwa rangi nyeupe mpaka nusu, Meneja anasema ni kwa ajili ya jua. Tuko sita kwenye meza ndefu. Tunalala chumba cha pili. Nina kitanda, ndoano ya taulo, na bakati lisilo na mlango. Ndiyo, bakati. Nilipolisema kwa sauti wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kitini, wakadhani mimi ndiye sijui kusema.

Kazi ni hii. Mitandao ya kijamii haikubali mtu ajiunge hivi hivi. Lazima utoe namba ya simu, wakutumie msimbo wa tarakimu sita, uuandike, ndipo wakubali kwamba wewe ni mtu. Sasa sisi tunatumia namba za kukodi. Namba hiyo haina laini, haina simu, iko hewani tu, kwenye tovuti. Unaikodi kwa dakika chache, ujumbe unaingia kwenye skrini, unanakili, akaunti imefunguka. Namba inakwenda kukodiwa na mwingine. Hapa ule msimbo kila mtu anauita kodi. Kwa hiyo kazi yangu ni kukodi ili nipate kodi. Iweke hiyo kwenye kurasa zako.

Usianze kukunja uso. Wako watu wengi tu ambao hawapendi kugawa namba zao halisi, na si kosa.

Kuhusu rafiki yangu, bado hatujakutana. Yuko safari.

Nina ombi. Kila akaunti inahitaji mtu. Wenzangu wanaandika "napenda muziki na kusafiri" kwa wote, na mtandao unawafuta. Wewe ndiye mtunzi wa nyumba. Nitungie watu watano: kazi, tabia, na neno wanalopenda kusema.

Kaka yako wa ghorofani


Bwenini, 11 Machi

Kaka yangu wa ghorofani,

Salamu zako zimefika, na mama amezisikia zote. Kuhusu ghorofa aliuliza tu kama ngazi zina mahali pa kushika. Mimi nimepata alama nzuri kwenye insha na mbaya kwenye hesabu, yaani hakuna jipya. Mama Taa amevunja miwani yake jicho moja, na sasa anatuita wote "wewe wa pale".

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kizuri kama ulichoniomba. Nimewaandika kwenye karatasi ya pili, watano wote. Yupo mchonga mihuri anayegombana na herufi R. Yupo muuza mbegu ambaye hajawahi kupanda kitu. Ninayempenda zaidi ni yule mpima ardhi. Ni mjane. Ana shangazi wawili wanene wanaomsindikiza kila aendako na kuingia mpaka jikoni mwa watu kukagua. Nimempa kwa sababu sisi hatuna shangazi hata mmoja, na siku zote nimeona ni upungufu. Neno lake ni hili: "Mimi ni mtu wa maneno machache, lakini nikikaa karibu na mtu, kimya changu anakisikia."

Kila niliyemtunga nimempa saa mbovu mkononi. Usiitoe. Nataka siku nikikutana na mmoja wao duniani nijue ni wangu. Mimi mwenyewe sina saa, unajua, kwa hiyo nawapa zile ambazo hazina faida.

Na lile bakati lako limenikumbusha mlango. Nilikuwa na miaka mingapi? Mama yuko kazini, wewe unachelewa kutoka shule, na amri ni kwamba sifungui mpaka aliye nje aseme neno. Mimi nilikuwa siwezi kusema kabati. Wewe ukaamua hilo hilo liwe neno, ukasema hakuna mwizi atakayekosea hivyo. Ukisema bakati, nafungua. Ukisema kabati sawasawa, kama watu wote, maana yake kuna mtu amesimama nyuma yako, na mimi niingie chini ya kitanda nisipumue.

Hukulisema sawasawa hata siku moja. Nilikuwa nangoja, ujue. Nilikuwa mtoto mjinga, nilitaka tuone kama inafanya kazi.

Kamusi


Mjini, 18 Aprili

Kamusi,

Nimepona mafua, nimenenepa kidogo, nimenyoa. Habari za nyumbani nazisubiri kwako.

Watu wako wanaishi! Wa wenzangu wanafutwa, wako hata mmoja hajaguswa. Mpima ardhi ndiye bingwa. Meneja alisimama nyuma ya kiti changu akasoma, akauliza, "Nani amekuandikia huyu?" Nikamwambia kwa kujidai, mdogo wangu, yuko shule ya bweni. Akasema, "Ana mkono." Meneja hasifu mtu, kwa hiyo jipigie makofi.

Mambo mengine ni ya kawaida. Simu zetu zinakaa kwenye droo ya Meneja siku hizi, pamoja na vitambulisho, kwa usalama wa kazi. Tukitaka kutoka tunamwambia, naye anaangalia kama kuna nafasi. Nafasi huwa haipo, kazi ni nyingi.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke na sanduku la nguo, na zawadi ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Amevaa vizuri, amepaka wanja. Alikuwa anamuulizia mtu. Meneja akamwambia yuko safari, kaa kwanza, pumzika, weka simu hapa tuichaji. Sasa anakaa kiti cha tatu kutoka kwangu, anapokea kodi kama sisi. Ana haraka ya vidole. Hasemi sana.

Meneja anaomba watu kumi zaidi.

Barua zako nikishazisoma nazichana vipande vipande. Si kwa ubaya. Bakati langu halina mlango.

Kaka


Bwenini, 30 Aprili

Kaka,

Sisi wazima. Mvua imeng'oa bati moja la bwalo la chakula, na tunakula upande mmoja kama kondoo. Mama amemaliza zile sare, na anakushukuru kwa ujumbe unaomtumia kila asubuhi. Alinisomea mmoja siku ya kutembelewa. "Mama yangu mpenzi, umeamkaje, mwanao nakuombea siku njema." Mama alifurahi mpaka akaurudia. Alisema, "Mji umemfundisha adabu." Mimi nilikaa nikifikiria kwamba tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukimwita mama yangu mpenzi. Unamwita Bi Mkubwa, tena ukitaka chakula.

Halafu nikajiuliza: kama simu iko kwenye droo, unamwandikia saa ngapi?

Swali la pili. Yule mwanamke mwenye sanduku alikuwa anamuulizia nani? Na ile zawadi ilikuwa nini? Umeandika habari zake kama mtu anayepita karibu na shimo bila kuchungulia. Nakujua.

Watu kumi nimewaandika. Wako ndani ya kitabu changu cha jiografia. Sijawatuma. Nijibu kwanza.

Kamusi


Mjini, 24 Mei

Kamusi,

Mimi mzima. Nisamehe kuchelewa.

Simu yangu imo kwenye droo tangu mwezi wa tatu. Sijamwandikia mama hata neno moja.

Usimtishe. Mwambie tu asitume picha yake wala yako, na asiseme siku anazokuwa peke yake. Mwambie simu yangu ina matatizo ya kupokea picha. Atakubali, haelewi simu.

Wale kumi usiwatume. Wachome.

Barua hii anaipeleka posta fundi vioo wa chini. Nitamdondoshea dirishani, sehemu ambayo rangi imebanduka. Ni mtu mwema, haongei. Ukijibu, andika kwa sanduku la posta la duka la vioo, namba iko nyuma ya bahasha, siyo kwa lile la ofisi.

Kuhusu zawadi, niache kwanza.

Kaka


Bwenini, 8 Juni

Kaka,

Nakusalimu, ila leo nitafupisha salamu kwa sababu wino utaisha. Mama mzima. Nimemwambia kuhusu picha, akasema sawa.

Jumamosi baada ya usafi Mama Taa aliniita chumbani kwake. Alikuwa anapiga pasi. Juu ya kitanda kulikuwa na sanduku la nguo limefunguliwa.

"Wewe wa pale. Si ndiye unayesoma kama unameza?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kaa hapo unisomee. Miwani yangu jicho moja limekufa, herufi zinatembea kama sisimizi. Na ole wako ucheke."

Akanipa simu yake. Nikasoma: "Mimi ni mtu wa maneno machache, lakini nikikaa karibu na mtu, kimya changu anakisikia."

Nikaurudia mstari ule kwa macho tu.

"Endelea! Au umemeza?"

"Mama, huyu ni nani?"

"Unaulizwa au unauliza?" Lakini alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa foronya. Mwanamke anayetufokea sisi wote, Kaka, alikuwa anacheka kama wasichana wa kitanda cha juu. "Mpima ardhi. Mjane, maskini. Ana shangazi wawili wanamfuata kama kivuli. Wako wanaume wanajua kusema, mwanangu, ila wako mbali."

Picha ilionyesha mwanaume amesimama karibu na mitambo ya kupimia, ana saa mkononi. Sijui ni nani. Mama Taa akaniambia ile saa imesimama tangu mke wake afariki, naye hataki kuitengeneza mpaka Mama Taa afike.

Saa niliiandika mimi. Mke aliyefariki nilimwandika mimi. Lakini "mpaka ufike" sikuiandika. Kuna mtu anaendelea kuandika kuanzia pale nilipoishia.

Anasafiri likizo ikianza. Amemnunulia zawadi, ameifunga kwa karatasi ya kung'aa. Ni saa mpya.

Kaka, nani anasema kwa mdomo wa mtu wangu? Na akifika huko, kiti kipi kiko wazi?

Sijamwambia kitu. Nilifungua mdomo mara mbili, ikatoka "asante, Mama". Unanijua, hata kuomba chumvi mezani nashindwa. Ninawaza kitu kimoja: uliniambia namba inakwenda kwa mwingine. Je, haiwezi kurudi kwako?

Kamusi


Mjini, 29 Juni

Kamusi,

Hakuna habari za kawaida hapa, kwa hiyo nitaanzia katikati.

Sisi wa meza ndefu tunapokea kodi tu. Akaunti ikifunguka tunaikabidhi chumba cha ndani, kile chenye mlango. Wanaoandika wako huko. Wanasoma ulichotunga, halafu wanaongea na watu usiku na mchana mpaka mtu apange sanduku. Wanaokuja, simu inachajiwa, kitambulisho kinahifadhiwa, kiti kinapatikana. Wengine hupelekwa mahali pengine na gari, sijui wapi. Yule mwanamke alikuwa anamuulizia mpima ardhi. Uliniuliza zawadi yake. Ilikuwa saa. Meneja anaivaa.

Jana nilimuuliza mmoja wa chumba cha ndani ni yupi kati yao aliyekuwa rafiki yangu, yule aliyenitafutia kazi. Akacheka akaita wenzake waje wasikie. Hakuna rafiki, Kamusi. Hakuwahi kuwepo. Na mimi nilipanga sanduku.

Sasa swali lako. Namba hurudi. Tovuti ikishamaliza kuzungusha wateja, namba ile ile inajitokeza tena, na mlango wa akaunti haumjui mtu, unaijua namba. Anayeishika anaomba msimbo mpya, anabadilisha ufunguo, waliokuwa ndani wanabaki nje. Namba ya mpima ardhi naikumbuka kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwa watu wako. Tangu barua yako ifike naivizia kwenye tovuti kama paka. Siku nitakayoiona nitaikodi, nitaingia, nitamwandikia Mama Taa mstari mmoja. Muda wa zaidi sitakuwa nao. Watajua ni kutoka kiti gani.

Lakini usiningoje mimi. Mwambie mwenyewe. Najua unaona haya. Fikiria kwamba ni mtu wa kwenye kitabu anayesema.

Barua yako nimeichana. Hata bakati nimelihamishia mbele ya kitanda ili wasinione nikiandika.

Kaka


Bwenini, 15 Julai

Kaka,

Imefika! Salamu baadaye. Imefika, Kaka.

Nilikuwa nimeshapanga kumwambia. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, nikajifanya mimi ni wakili. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikakuta ameketi chini, simu iko mapajani.

"Wewe wa pale, njoo. Nisomee hii. Labda ni macho yangu."

Nikasoma: "Usije. Mimi sipo na sijawahi kuwepo. Muulize msichana anayesoma kila kitu."

Akaniangalia kwa lile jicho lenye kioo kizima. "Msichana anayesoma kila kitu," akasema polepole. "Hapa shuleni yuko mmoja tu."

Nikamwambia yote. Sikuwa wakili. Nililia kuanzia neno la pili, na kila nilipomaliza kulia nilianza tena kusimulia kutoka mwanzo. Mama Taa hakunipiga wala hakunifokea. Alifungua ile karatasi ya kung'aa, akaitoa saa, akaiweka mezani, tukawa tunaisikia.

"Kwa hiyo yale maneno ya kimya ni yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Una umri gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mimi mtu mzima nimetongozwa na mtoto wa bweni langu. Nikimsimulia dada yangu atanicheka mpaka nizikwe." Kisha uso wake ukageuka ule wa kuzima taa. "Dada yangu ni polisi. Yeye na mwenzake, wote wawili wanene, wakisimama mlangoni ni kama umefungwa, hatoki mtu. Lakini hawawezi kuingia mahali wasipopajua. Kaka yako yuko mtaa gani?"

Nikatambua kwamba hujawahi kuniambia. Duka la vioo na namba ya sanduku lake la posta, basi, na sanduku halina mtaa. Mji una maduka ya vioo mangapi?

Niandikie mtaa, Kaka. Jina la mtaa tu, au la mtaa wa jirani, au unachokiona pale rangi ilipobanduka. Mdondoshee fundi leo hii.

Kamusi wako


Bwenini, 20 Agosti

Kaka,

Natumaini hujambo. Huku salama.

Barua niliyokuandikia mwezi uliopita kupitia duka la vioo imerudi bila kufunguliwa. Mtu ameandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu: fundi hayupo, duka limefungwa. Yaliyokuwemo hayakuwa muhimu, ni habari za bweni. Kwa hiyo naandika kwa sanduku la posta la ofisi.

Mama anasema bado unamwandikia kila asubuhi. Siku hizi mara mbili.

Naomba mistari miwili kwa mkono wako.

Mdogo wako


9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya na unaendelea vizuri na masomo. Mimi ni mzima kabisa. Kazi ni nzuri na ninaipenda. Mpe salamu mama yangu mpenzi.

Samahani kwa ukimya. Tulihamia ofisi mpya, kubwa zaidi, yenye bustani. Meneja wetu ni mtu mwema. Amesoma watu uliowatunga na amefurahishwa sana na kipaji chako. Angependa uje likizo hii ufanye kazi nasi kwa muda. Utakuwa na meza yako karibu na dirisha, na utatunga tu, basi. Hutashughulika na kitu kingine.

Shuka kituo kikuu cha mabasi, Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa za mchana. Simama karibu na dirisha la tiketi. Mtu atakupokea na kukuleta ofisini. Tuandikie utavaa nini ili asikukose. Njoo peke yako. Mama nimeshamwarifu kwa simu na amekubali.

Nimekununulia zawadi. Ni kabati la vitabu. Kabati zuri sana, lina mlango na lina kufuli. Utalipenda hilo kabati.

Karibu sana. Tunakusubiri.

Kaka yako akupendaye


Bwenini, 18 Septemba

Kaka mpendwa,

Barua yako imefika, na mwandiko wako umekuwa mzuri, umenyooka kama wa mtu aliyesimamiwa na mwalimu. Nimeisoma mara moja tu, ikatosha. Mimi mzima. Siku hiyo niliyoipokea nilikaa chini ya kitanda changu kidogo, nilikuwa natafuta kiatu. Sasa nimetoka.

Nimefurahi sana kuhusu kabati. Ni muda mrefu nimelingoja.

Nitakuja Jumamosi hiyo. Mshukuru Meneja. Mwambie watu kumi aliowaomba ninao, na wengine wapya, ambao hata wewe hujawasikia. Mama Taa, mlezi wetu, amenisaidia kupanga safari yote. Alikuwa na safari yake mwenyewe ila imevunjika, kwa hiyo sanduku lake ameniazima.

Ili anayenipokea asinikose: nitavaa koti jekundu na kofia yenye ua. Lile sweta la kijani, nimekua, halinitoshi tena. Nitasimama karibu na dirisha la tiketi, nikiwa nasoma.

Jambo moja tu, tafadhali mniwie radhi. Sitaweza kuja peke yangu. Mama alipokubali aliweka sharti kwamba nisindikizwe na shangazi zetu wawili, wale wanene. Unawajua walivyo, ukiwakatalia hapo wataanza kelele kituo kizima. Ni bora wapakiwe tu kwenye gari pamoja nami. Watataka kuingia mpaka ndani waone mahali mtoto atakapolala, wakague na jikoni, halafu watakwenda zao. Nimewasimulia kuhusu ile zawadi na wana hamu nayo kuliko mimi. Nadhani kitu cha kwanza watakachokisema wakifika mlangoni ni jina lake. Yule mkubwa, kama unavyokumbuka, hata leo hawezi kulitamka vizuri, analipindua. Ukimsikia usimcheke, Kaka. Fungua tu.

Mpaka siku hiyo kula vizuri, ulale mapema, na usibishane na mtu.

Naishia hapa, kengele inagongwa. Mwambie anayekuja kunipokea aangalie pia mkono wangu wa kushoto. Mama Taa amenipa saa. Ni mpya kabisa, inang'aa, ila haitembei.

Mdogo wako,
Kamusi